Shingo ya Besi: Kutoka Kupewa Hadi Kuchagua

Katika bendi za dansi nilizokulia, hakuna mpiga besi aliyewahi kuulizwa anataka shingo ya upana gani. Vyombo vilikuwa mali ya bendi, na bendi ilikuwa na mwenyewe: chama cha wafanyakazi, jeshi, umoja wa vijana, shirika la umma. NUTA Jazz iliundwa hivyo mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi za Dar es Salaam zikafuata njia hiyohiyo. Mwanamuziki aliajiriwa, akakabidhiwa gitaa, akapiga. Akihama bendi alihama na vidole vyake tu. Gitaa lilibaki stoo likimsubiri mwingine.

Nilipoanza, katikati ya miaka ya 1980, fedha za kigeni zilikuwa haba na gitaa jipya la besi ulilisikia kwa wenzio waliosafiri. Yetu ilikuwa besi ya zamani ya Fender, aina ya Precision, rangi imebanduka pale mkono wa kulia unapoegemea. Nyuzi zikichoka tulizivua, tukazichemsha kwenye sufuria zitoe mafuta na jasho, tukazikausha na kuzirudisha. Mzee aliyenifundisha alikuwa na neno moja ambalo hakuchoka kulirudia: "Gumba nyuma ya shingo, kijana. Usilining'inize juu." Alipita nyuma yangu mazoezini na kulisukuma lishuke. Alikuwa na sababu. Shingo ile ilikuwa pana, na ukiikumbatia kwa kiganja kizima, ule uzi mnene wa E unakuwa mbali mno na vidole. Kiganja kikiachana na mbao na gumba likisimama katikati ya mgongo wa shingo, vidole vinapinda vizuri na kuufikia bila shida. Sikujua kwamba shingo ni pana. Sikuwa na nyingine ya kulinganisha nayo.

Siku moja skrubu zilizoshika shingo zililegea na fundi akaifungua yote. Kwenye kisigino chake, sehemu inayofichwa ndani ya mwili wa gitaa, palikuwa na mhuri wa wino uliofifia: tarakimu, mwezi kwa Kiingereza, mwaka, kisha herufi C. Tulidhani ni alama ya seremala wa kiwandani. Fundi akaipaka vumbi la msasa kidogo kwa kidole, akaitazama, akafunga skrubu zake nne, tukaendelea na dansi.

Maana ya ile C niliipata miaka mingi baadaye. Leo Fender, mwenye kiwanda kilichotengeneza besi ile, alikuwa fundi wa redio wa Fullerton, California, na mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Alichokuwa nacho ni masikio ya kuwasikiliza wapigaji. Alipoitoa Precision mwaka 1951, shingo yake pale juu, kwenye kile kipande cha mfupa chenye vijia vya kupitishia nyuzi, ilikuwa na inchi moja na robo tatu, yaani kama milimita 44 na nusu. Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass yenye inchi moja na nusu, milimita 38. Katika miaka hiyo ya 1960 kiwanda kikaanza kuzipa shingo herufi kwa upana wake. A ilikuwa milimita 38, B 41 na ushei, C 44 na nusu, na D karibu 48. Aliyetaka Precision yenye shingo nyembamba ya A aliweza kuiagiza. Kwa maneno mengine, wakati sisi tunafundishwa kuizoea shingo yoyote tunayopewa, herufi iliyopigwa ndani ya gitaa letu ilikuwa ushahidi kwamba kuna mtu mahali fulani aliwahi kuulizwa anataka ipi. Jambo hilo lilinigusa sana nilipolijua, na linanigusa mpaka leo.

Kuna kitu kingine ambacho herufi zile hazikukisema. Upana unaotofautiana ni wa kule juu. Kadiri unavyoshuka kuelekea mwilini shingo zote hupanuka, na kisigino cha Precision na cha Jazz ni cha upana uleule, ndiyo maana mafundi wengi wamevua shingo ya moja na kuifunga kwenye nyingine. Kwenye daraja, nyuzi za aina zote mbili zimeachana karibu sawa, kama milimita 19. Kwa hiyo mkono wa kulia, ule unaokung'uta, haujali sana. Anayesikia tofauti ni mkono wa kushoto, tena ukiwa kwenye freti tano za mwanzo. Na wapiga besi wa dansi tunaishi hapohapo.

Miaka ya 1990 mambo yalifunguka. Vyombo vilianza kuingia, bendi za mahoteli zikaongezeka, makanisa yakaanza kununua spika na magitaa yao, na mwanamuziki aliyejibana aliweza kuwa na chombo chake mwenyewe. Besi zilizokuja nyingi zilikuwa na shingo nyembamba, ya milimita 38 au zaidi kidogo. Tulizipokea kwa furaha. Unapotoka kwenye shingo pana, ile nyembamba inakuwa nyepesi kiganjani, vidole vinakimbia, na sebene la kasi linapita bila kukwama. Ikawa ndiyo sheria mtaani: shingo nyembamba ni ya kisasa, shingo pana ni ya wazee. Baada yake ikazaliwa sheria ya pili, na hiyo ndiyo iliyodumu zaidi: mwenye mkono mdogo achukue nyembamba, mwenye mkono mkubwa achukue pana.

Sheria ya pili nimeipinga kwa muda mrefu sasa, na nitaeleza kwa nini.

Chukua rula. Besi ya kawaida ina urefu wa inchi 34 kutoka kwenye mfupa hadi kwenye daraja, karibu sentimita 86. Kwa urefu huo, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni kama sentimita 13. Kidole cha shahada kikiwa kwenye ya kwanza na kidole cha mwisho kikiwa kwenye ya nne, hizo sentimita 13 ndizo zinazoumiza mkono mdogo. Na haziondoki kwa kupunguza upana. Shingo iwe ya milimita 38 au 44, freti ziko palepale. Kinachozipunguza ni besi fupi, ya inchi 30, kama ile ya Höfner yenye umbo la fidla aliyoipa umaarufu Paul McCartney, au Mustang iliyotolewa na Fender mwaka 1966. Hapo umbali uleule unashuka hadi sentimita 11 na nusu hivi. Mtu mwenye vidole vifupi akija kwako analalamika, mpe kwanza besi fupi aijaribu. Upana ni suala jingine kabisa.

Ushahidi wa mikono upo pia. Carol Kaye, mwanamke aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi mno za Los Angeles miaka ya 1960, alitumia Precision, wakati shingo ya kawaida ya Precision ilikuwa ile pana. Mpiga besi Jaco Pastorius alijulikana kwa vidole virefu, na gitaa alilopata nalo sifa lilikuwa Jazz Bass, yenye shingo nyembamba. Ingekuwa sheria ya mtaani ni kweli, wawili hao wangebadilishana.

Upana unaamua nini basi? Unaamua nafasi kati ya uzi na uzi. Kwenye shingo ya milimita 38, pale juu nyuzi zimeachana kama milimita 10. Kwenye ya 44 zinakaribia 12. Milimita mbili ni kitu kidogo kwenye karatasi. Chini ya ncha ya kidole ni kitu kikubwa. Besi ya dansi letu haijazi kila nafasi. Inasema, inanyamaza, inasema tena. Sikiliza besi ya Tom Malanga kwenye "Sina Makosa" ya Les Wanyika utaelewa: kunyamaza kwake kuna uzito sawa na mlio. Ili unyamaze namna hiyo lazima kidole cha kushoto kilegeze kuubana uzi bila kuinuka, na kisiguse jirani yake usipotaka. Nyuzi zikikaribiana, ncha nene ya kidole inaugusa uzi wa pembeni na kuuzima ambapo ulitakiwa kuendelea kulia. Kwa mwingine huo ni msaada, kwa sababu anataka nyuzi zisizopigwa zikae kimya. Kwa hiyo upana unafuata unene wa ncha za vidole na mtindo wa muziki, urefu wa vidole hauna neno hapo.

Halafu kuna unene wa shingo, kutoka mbele hadi mgongoni, ambao madukani watu huuchanganya na upana. Shingo pana inaweza kuwa nyembamba mgongoni ikalala kiganjani kwa utulivu, na shingo ya milimita 38 inaweza kuwa na mgongo mnene unaojaza mkono. Nimeshika zote. Nikishurutishwa kuchagua kimoja cha kuangalia kwanza, nitaangalia mgongo.

Niliyafikia haya kwa mkono kuuma. Baada ya miaka ya shingo nyembamba, kiungo cha gumba langu la kushoto kilianza kukaza kila usiku wa harusi ulipopita saa sita. Nilikuwa nimezoea kuibana ile shingo ndogo kama mtu anayeshika mpini wa jembe, na gumba lilikuwa limerudi juu, palepale mzee wangu alipolikataza. Wenzangu wawili na mimi tukakutana Sinza kwenye chumba cha mazoezi, tukiwa na besi tatu: ya 38, ya 41 na ya 44. Tulizifunga nyuzi za aina moja, tukaingia kwenye amplifaya moja, na kila mmoja akapiga wimbo uleule mrefu akiwa amesimama, gitaa limening'inia kwenye mkanda. Wakati wimbo unaanza, sote tulipenda ya 38. Ulipofika kwenye sebene la mwisho, mmoja alibaki nayo, mwingine akahamia 44, na mimi nikatua kwenye 41. Dakika za mwanzo hazikutuambia lolote la kweli.

Nimeshuhudia jambo hilohilo dukani Kariakoo na binti wa kwaya ya kanisa letu, aliyeniomba nimsindikize kununua besi yake ya kwanza mpya. Muuzaji alimtazama mikono, akashusha besi ya shingo nyembamba. "Dada, hii ndiyo yako. Ile nyingine ni ya wanaume." Nilimwomba azishushe zote mbili, atupe mkanda, na kiti tukiondoe. Binti akasimama. Kwenye ile nyembamba, kila alipokanyaga uzi wa A, ncha ya kidole iliuzima uzi wa D. Alirudia polepole, akakunja kidole zaidi, ukazimika tena. Kwenye ile ya milimita 41 nyuzi zote zililia safi, na mgongo wa shingo ulikuwa mwembamba kuliko wa kwanza. Akapiga wimbo mzima wa Jumapili, akageuka. "Anko, hii hainichoshi." Akalipa hiyo.

Mimi nami nilipoagiza yangu nilifanya jambo ambalo mzee wangu hakuwahi kupata nafasi ya kulifanya. Nilikaa na muuzaji, tukafungua maelezo ya kiwanda, tukatazama upana kwenye mfupa, urefu wa nyuzi, nafasi kwenye daraja. Nilichagua nyuzi nne, inchi 34, milimita 41. Ni upana wa zile B za zamani, na leo ndio unaokutana nao kwenye Precision nyingi mpya. Wapo wanaoshauri nyuzi tano, na nazo ni nzuri, ila hapo hesabu inabadilika: shingo inafika milimita 45 na kuendelea, na mara nyingi nafasi kwenye daraja inapunguzwa, kwa hiyo mkono wa kulia nao unaanza kulalamika. Anayezitaka azijaribu kwa mikono yote miwili.

Gumba langu limetulia. Nalisimamisha nyuma ya shingo.

Kwenu wauza vyombo nina ombi. Andikeni upana wa shingo kwenye kibandiko cha bei, kwa milimita, kama mnavyoandika bei yenyewe. Wekeni mkanda mmoja dukani wa kujaribia. Acheni kumpangia mteja kwa kumtazama mikono au kwa kuwa ni mwanamke. Na wewe unayekwenda kununua, beba rula, simama, punguza sauti ya amplifaya, upige wimbo unaoupiga kila wiki kuanzia mwanzo hadi mwisho kwenye kila besi uliyoletewa. Ukimaliza, angalia ni ipi ambayo mkono wa kushoto haujaanza kuibana. Lipa hiyo, hata kama rafiki zako wote wana nyingine.