Jarida la Muziki la Wanafunzi wa Tabora na Suala la Usanifishaji

Mwaka 1986, tukiwa wanafunzi wa sekondari mjini Tabora, tulitoa jarida la muziki kwa stensili na mashine ya kurudufu. Mada hazikuwa za kutafuta: mji huo ulikwisha kuzaa Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz yenye mtindo wa Segere Matata. Mgogoro ulizuka katika ukurasa wa maneno ya nyimbo. Mhariri mwenzetu alitaka kila umbo lenye athari za Kinyamwezi lisanifishwe. Nilipinga, na hadi leo nashikilia msimamo huo. Wapagazi wa Kinyamwezi waliopita hapo baina ya Bagamoyo na Ujiji waliimba njia nzima. Wasafiri wageni walioandika habari zao mara nyingi walituachia tafsiri tu, nayo haimfai mwanaisimu anayetafuta sauti na viambishi. Kwa kuwa stensili ikishachapwa ni taabu kuirekebisha, tulibishana kwanza, siku tatu. Hatimaye maneno yakabaki kama yalivyoimbwa, maelezo ya msamiati yakawekwa pembeni, yakaichukua nusu ya karatasi. Mpangilio ulikuwa mbovu kwelikweli. Ukurasa huo huwapa wanafunzi wangu wa uzamili wauchanganue kifonolojia.