Barua kwa Mpwa Aliyechukua Mbwa wa Kuwindia

Ngarenaro, Arusha.

Kwa mpwa wangu mpendwa, Mwenyezi Mungu akuhifadhi.

Sisi hapa tu wazima, ila mguu wangu ambao huuma kila ifikapo baridi ya Julai; mkaza mjomba wako anakusalimu, na anauliza habari za sufuria yake kubwa uliyoiazima siku ya harusi. Mama yako nilionana naye Soko Kuu, naye hajambo, ingawa nilipomwuliza juu yako aligeuza uso akaanza kupatana bei ya nyanya.

Sababu ya kushika kalamu ni habari ambayo ilikuwa wajibu wako kunipa, nami nimeipata kwa muuza maziwa: kwamba umekwenda katika kituo cha kuokolea mbwa, ukapewa dume mmoja mrefu wa miguu aliyeokotwa barabarani, na kwamba kila jioni utokapo kazini kwenye mashamba ya maua humfungua ukaburura kipande cha ngozi majanini ili aifuate harufu yake, kwa dhamira ya kumfanya mbwa wa kuwindia huko njia ya Ngurdoto. Muuza maziwa hana faida yoyote ya kunidanganya, tena alikusifu, akasema mbwa ameshika mafunzo upesi sana. Ni sifa hiyo iliyoninyima usingizi.

Usidhani kwamba naandika kwa sababu ya najisi tu, kama walivyodhani jamaa za baba yako siku zote kwamba sisi watu wa pwani tukiona mbwa twaona shetani. Sura ya Al-Maida imeruhusu kuliwa windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, akitumwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Na babu yako, aliyetoka Pangani na vitabu vyake ndani ya kikapu, alinisomesha nikiwa bado mdogo masharti waliyoyaweka wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi: mbwa aende anapotumwa, asite anapokatazwa, na akamatapo asile. Mtu hupewa ruhusa ya kufuga mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, mambo yakaisha. Mimi ninalolishikilia ni lile sharti la pili, la kusita, kwa kuwa kila mtu huweza kumfunza mbwa kwenda, na wewe mwenyewe, niwie radhi, tangu utoto wako umekuwa hodari wa kwenda: uliuacha useremala katikati ya kabati la watu, ukanunua pikipiki kabla ya kujua breki zake, na laiti ningekuwa na wasaa ningeendelea.

Sasa nikusimulie jambo ambalo hukuambiwa, maana watu wa upande wa baba yako wana desturi ya kufunika.

Baba yako mkubwa alikuwa na kihamba cha kahawa na migomba juu ya Nkoaranga, karibu kabisa na msitu wa serikali. Katika miaka ile iliyofuata Azimio la Arusha walowezi wengi wa kahawa walikuwa wakifunga virago, na miongoni mwao alikuwamo Mgiriki mmoja aliyeondoka akamwacha langoni mbwa wake mwekundu, mwembamba wa kiuno na mpana wa kifua. Baba yako mkubwa akamchukua, kama ulivyomchukua wewe wa kwako, kwa huruma kwanza na kwa tamaa baadaye. Mbwa yule alikuwa amefunzwa, tena vyema, lakini kwa Kigiriki. Kwa kujaribu-jaribu, bwana wake mpya alivumbua kwamba mluzi mmoja mrefu humtoa mbio kama mshale, naye akaridhika. Neno la kumsitisha hakulijua, na aliyelijua alikuwa amekwisha kupanda meli.

Msimu mzima mambo yalikwenda kwa heri: sungura, na funo mmoja mmoja waliokuja kuharibu maharage, majirani wakila na kusifu kama anavyokusifu muuza maziwa wako. Hata jioni moja ya ukungu pongo dume akatoka migombani, mluzi ukapigwa, mbwa akatoka, pongo akaruka mfereji akaingia msituni na mbwa nyuma yake. Baba yako mkubwa akasimama kwenye mfereji ule, ambao kila mtoto wa pale alijua kuwa ndio mwisho wa mashamba, akaita kwa Kimeru, akaita kwa Kiswahili, akaita kwa vipande vya Kiingereza alivyovikumbuka vya shule, na mbwa hakurudi. Kisha akasikia kilio, akavuka. Alimkuta amenaswa katika kitanzi kilichotegwa na mtu mwingine, waya uliochomolewa ndani ya tairi bovu, umemkaza kiunoni, na kila alipojitupa mbele waya ulizidi kuzama. Akapiga magoti, akaushika waya kwa mkono wa kushoto na panga kwa mkono wa kulia, na katika hali hiyo hiyo ndipo askari wa msitu walipomkuta.

Nakuuliza wewe uliyefika kidato cha nne: askari aonaye mtu, panga, mbwa na waya, giza linaingia, tena ndani ya mpaka, ataandika nini katika daftari lake? Simtetei baba yako mkubwa, kuwinda alikuwa akiwinda, wala leseni hakuwa nayo. Lakini waya haukuwa wake, na ni waya uliompeleka gerezani. Alipokuwa huko kahawa ikashikwa na ugonjwa wa chulebuni kwa kukosa mtu wa kunyunyiza dawa, mkewe akauza kipande cha chini cha kihamba, na mimi nikauza cherehani yangu, iliyokuwa riziki yangu hapa mjini, ili wakili apate ujira wake. Upande wa baba yako mpaka leo haujanirudishia senti moja wala kunitamkia ahsante. Sidai, nakumbusha tu.

Nawe hukai Nkoaranga ya zamani. Unakaa mlangoni pa hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967 ikaunganishwa na Mlima Meru na kuitwa Arusha. Ukitoka kwako kwa miguu wafika lango la Ngongongare. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila leseni, na mbwa ni miongoni mwa zana inazozikataza mwindaji asizitumie ila kwa ruhusa ya maandishi. Na kumwingiza hifadhini mnyama wa kufugwa ni kosa jingine peke yake. Kwa hiyo mbwa wako akivuka kumfuata paa, hata nawe ukibaki kando ya barabara ukipiga kelele za kumrudisha, mashitaka yatakutafuta wewe. Yeye hana kitambulisho.

Najua utanijibu kwamba Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huwinda na mbwa. Kweli, huwinda, nao ni watu ambao riziki yao, lugha yao na ardhi yao vimefungamana na uwindaji tangu hapo kale, wala hawapokei mshahara wa maua mwisho wa mwezi. Tena ikiwa haja yako ni nyamapori, serikali ilitoa kanuni mwaka 2020 za mabucha ya kuiuza kwa halali. Nenda ukanunue, ukate risiti.

Kuna na madhara ambayo baba yako mkubwa hakuyajua, na wewe huna udhuru wa kutoyajua. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, ambao asili yake ilionekana kuwa mbwa wa vijiji vya kandokando, uliingia Serengeti ukaangamiza simba wapatao 1000, karibu theluthi ya simba wote wa huko. Hakuna aliyewapiga risasi. Ni pua kugusana na pua, mzoga mmoja kuliwa na wawili. Basi mbwa wako ahakikishwe chanjo, ya distempa na ya kichaa, na ile ya kichaa irudiwe kwa wakati wake bila ajizi. Cheti cha chanjo ulichopewa katika kile kituo cha kuokolea mbwa kikiwa kimekwisha muda wake, nenda kwa afisa mifugo. Na akikuuma, yeye au mwenziwe, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa robo saa, kisha hospitali siku ile ile, kwa kuwa kichaa kikishaonyesha dalili hakuna tabibu awezaye kukirudisha nyuma.

Utasema mjomba amekataza kila kitu. Hasha. Wewe unaishi Usa River na huijui Usa River: hapo hapo, shirika la African Wildlife Foundation, katika mradi wake wa mbwa wa uhifadhi ulioanza mwaka 2014, lilikuwa na chuo cha kuwafunza mbwa na waongozaji wao kunusa pembe za ndovu na faru, na waliohitimu wakapelekwa kulinda bandari na viwanja vya ndege, Mombasa, Nairobi, Entebbe na Dar es Salaam. Na huko Marekani, katika jimbo la Montana, wapo watu waitwao Working Dogs for Conservation ambao aghalabu huwatafuta mbwa wao katika makao ya mbwa waliotupwa, nao huwachagua hasa wale walioshindikana majumbani, wasiotulia, wanaoweza kushinda kutwa wakiufuata mpira mmoja. Ndio walioshirikiana na Grumeti Fund mwaka 2018 kuanzisha kikosi cha mbwa upande wa magharibi wa Serengeti, wanaonusa nyama ya magendo, pembe na nyaya za mitego. Ujira wa mbwa hao si nyama. Akiona alichotumwa hukaa chini akanyamaza, na bwana wake humtupia mpira. Nimelifikiri sana jambo hilo la kukaa na kunyamaza, na naona wanavyuoni wa babu yako wangaliridhika nalo.

Basi mfunze huyo wa kwako kuanzia kusita. Mfunge kamba ndefu, umwite angali anakwenda, umlipe anaporudi, na usimfungue hata siku moja mpaka aitikapo mbele ya kuku, mbuzi na paka wa jirani. Maana yeye alikuwa na mtu kabla yako, au hakuwa na mtu kabisa, na vyote viwili vimemwachia mambo ambayo huyajui. Ile ngozi ya mnyama itupe. Burura soli ya kiatu chako cha zamani, ajifunze kutafuta mtu na kitu kilichopotea. Usiku alale shambani kwa mama yako, ambako nguruwe mwitu wanamaliza viazi. Akibweka hapo ndani ya ua, hakuna askari atakayemshitaki. Baadaye, ukiona una subira, nitakuandikia barua kwa mtu ninayemjua, mstaafu wa idara ya wanyamapori, akueleze namna ya kuomba kazi ya kuongoza mbwa. Hakuna katika ukoo wetu aliyepata kuvaa sare, nami ningefurahi kuiona kabla sijafa, ingawa sitasema hivyo mbele ya watu.

Mengineyo ni machache. Vaa kofia ya pikipiki hata ukienda dukani. Usimkopeshe shemeji yako. Shamba la mama yako lipimwe, hati iandikwe kwa jina lake, si kwa jina lako. Na uache kumwambia muuza maziwa mambo yako ikiwa hutaki yafike Ngarenaro.

Nijibu kwa maandishi, si kwa simu, maana kwenye simu hunikatiza. Uniambie mambo mawili tu: kama umemkuta afisa mifugo, na kama mbwa amesita. Ukija mwenyewe, njoo naye, kwa kuwa nataka kumwona akiitwa. Utamfunga kwenye mwembe nje ya uwanja wa kuswalia, na udongo na maji vitakuwa tayari. Ile sufuria pia uje nayo.

Mimi mjomba wako.