Hamsini Walioondoka Kwa Sundu

Huku Kakamega mtu hazikwi popote tu. Akifia Nairobi, Mombasa au Riyadh, kazi ya kwanza ya walio hai ni kumrudisha. Michango huanza usiku uleule, jamaa wakituma mia mbili mia mbili, gari hukodiwa, na mwili husafiri usiku kucha hadi bomani kwa baba yake. Na mwili ukikosekana kabisa, labda mtu alizama ziwani asionekane, au alikwenda mbali na habari zake zikakatika, ziko familia ambazo huzika shina la mgomba badala yake. Hulichimbia kaburi, hulililia, kisha maisha huendelea. Nimewasikia watu waliosoma wakiibeza desturi hiyo. Mimi siwezi kuibeza. Anayezika mgomba anatamka kwamba aliyepotea alikuwa na mahali pake katika ardhi hii, na kwamba mahali hapo hapataachwa kana kwamba hakuzaliwa.

Nayawaza haya kwa sababu ya kifo cha zamani kilichotokea nje ya mpaka wetu, lakini kikapitia hapa kwetu Mumias.

Mwaka 1885 Mumias ilikuwa bado haijajulikana kwa miwa. Watu wa misafara walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Mumia mwenyewe alikuwa ametawala miaka michache tu. Aliyetoka pwani na kuvuka nchi ya Wamaasai alifika hapa akiwa amechoka kupindukia, akapata nafaka, kuku, maji na mfalme aliyepokea wageni kwa heshima. Mbele yake kulikuwa na Busoga, na ng'ambo ya Nile, Buganda. Joseph Thomson alikuwa amepita hapa mwishoni mwa 1883, na safari yake ndiyo iliyowafanya Wazungu waamini kwamba njia hii ya mkato inapitika.

James Hannington aliifuata njia hiyo. Mara yake ya kwanza barani Afrika, mwaka 1882, alipitia njia ya kusini kutoka Zanzibar. Kuhara damu na homa vilimwangusha, akabebwa kwa machela, na mwaka uliofuata akarudi Uingereza akiwa nusu mfu. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akabaki na mkewe na watoto wake. Yeye alirudi, safari hii akiwa askofu wa kwanza wa Kianglikana wa eneo hili la Afrika Mashariki. Aliwasili Mombasa Januari 1885, na Julai akaondoka Rabai na wapagazi wapatao 200. Njaa na kiu viliwaandama njiani, lakini Oktoba walikuwa Kwa Sundu.

Hapo aliugawa msafara. Tarehe 12 Oktoba alitangulia na watu 50. Waliosalia aliwaacha Mumias chini ya William Jones.

Jones anastahili kuelezwa kwa kirefu kuliko vitabu vingi vinavyofanya. Alikuwa Myao. Aliibwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa na manowari ya Waingereza, akapelekwa India na kusomeshwa Nasik pamoja na watoto wengine wa aina yake. Baadaye alirudishwa pwani ya Afrika, akawa mmoja wa waliojenga maisha ya wamisheni wa Rabai. Hannington alimpa ushemasi mwezi Mei 1885, yeye na mwenzake Ishmael Semler. Kwa hiyo mtu aliyeachwa Mumias kuwangoja wenzake alikuwa amekwisha kupoteza mama, kijiji na nchi kabla ya kubalehe. Kupotelewa hakukuwa jambo jipya kwake.

Hannington na wenzake walikamatwa Busoga, katika eneo la chifu Luba. Aliyeamuru wauawe, Kabaka Mwanga wa Buganda, alikuwa kijana, na hofu yake haikuwa ya kijinga. Mwaka uleule Wajerumani walikuwa wakijitwalia nchi kule pwani, na Baganda walikuwa na utabiri wa zamani kwamba mshindi wao angetokea mashariki. Wamisionari waliokuwa Buganda waliujua wasiwasi huo. Halafu akatokea Mzungu mkubwa, kwa njia ya mashariki. Hofu ya Mwanga naielewa. Aliyoyatenda siwezi kuyasamehe kwa niaba ya waliouawa. Tarehe 29 Oktoba 1885, baada ya kufungiwa siku nane, Hannington alichomwa mkuki, na wale waliokuwa naye wakauawa. Kati ya wale 50, walionusurika ni wanne. Wiki chache baadaye Joseph Mukasa Balikuddembe, aliyethubutu kumkemea Mwanga kwa mauaji hayo, naye aliuawa.

Habari zilifika Kwa Sundu kupitia hao wachache waliotoroka. Hapa ndipo moyo wangu hukaa kila nikiisoma historia hii. Jones alisikia, na bado akangoja. Alibaki hadi Desemba. Watu waliomzunguka walikuwa na ndugu, marafiki na majirani kati ya wale hamsini, na chakula cha msafara hakikuwa cha kudumu. Naamini alijua tangu siku ya kwanza kwamba habari zile ni za kweli. Lakini kuna kipindi ambacho akili imekubali na miguu bado inakataa kuondoka, kwa sababu kuondoka ni kama kutia sahihi. Nimewaona watu wetu katika hali hiyo nje ya hifadhi ya maiti, karatasi zote ziko tayari, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuingia.

Hatimaye Jones aliugeuza msafara. Mapema Februari 1886 waliingia Rabai wakiwa wamekonda, nguo zimechanika, mbele yao bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, jina la mtoto aliyezaliwa siku Israeli ilipopoteza sanduku la agano. Wanawake waliotoka kuwalaki hawakuhitaji kusoma. Walitazama nyuso tu, wakitafuta zile zisizokuwapo.

Wamisionari walikuwa na namna yao ya kubeba misiba. Rosine Krapf alipofariki Mombasa Julai 1844 pamoja na kichanga chake, mumewe Johann Ludwig Krapf aliwazika wote wawili ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, akawaandikia wenzake wa Ulaya kwamba kaburi lile ni dalili kuwa kazi imeanza. Peter Cameron Scott alipokufa Ukambani Desemba 1896, mwaka mmoja tu baada ya kuanzisha kazi ya Africa Inland Mission, wengine walikuja kuchukua mahali pake, na baadhi yao wakafa vilevile. Inasimuliwa kwamba hata Hannington, kabla ya mkuki, aliwaambia wauaji wake kwamba ameinunua njia ya kwenda Buganda kwa uhai wake. Sidharau imani hiyo. Nimekulia makanisani, na najua imewasimamisha wengi waliokuwa wakianguka. Lakini neno la kununua linadai hesabu kamili. Njia ile haikulipiwa na mtu mmoja. Waliotoa roho zao walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wameshika mizigo.

Tazama mifupa ilivyotendewa. Masalia ya Hannington yalitolewa Busoga, inasemekana kwa sababu watu wa huko waliyahusisha na maafa yaliyowapata, yakaletwa Mumias. Udongo wetu uliyahifadhi kwa muda. Askofu Alfred Tucker aliyachukua akayapeleka Kampala, yakazikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892. Mwanga naye alipinduliwa, akapelekwa uhamishoni Shelisheli mwaka 1899, akafa huko 1903, na mwaka 1910 mifupa yake ikarudishwa nyumbani na kuzikwa Kasubi. Aliyeuawa na aliyeamuru auawe, wote wawili walirudishwa kwa watu wao. Sawa kabisa. Hata mkosaji ana mahali pake pa kulala.

Wapagazi hawakufuatwa na mtu. Vitabu vingi huwataja kwa idadi tu, kama vinavyohesabu mizigo ya shanga na nguo waliyoibeba. Walikuwa na wake Rabai na Mombasa. Wengine, kama Jones, bila shaka walikuwa wametoka utumwani, maana pwani wakati ule ilijaa watu wa historia hiyo, na mtu aliyekwisha kung'olewa kwao mara moja alikuwa amejijengea ukoo mpya kwa shida. Kisha akaajiriwa kubeba kitanda, hema na chakula cha mgeni, akafa Busoga kwa ugomvi ambao haukuwa wake. Mkewe hakupata hata kucha ya kuzika.

Jambo hili halijaisha. Kaunti hii inatoa vijana kwa kazi za mbali kila mwaka, mabinti kwenda majumbani kwa watu huko Ghuba, wavulana kwenye ulinzi na ujenzi. Wanakwenda kubeba mizigo ya wengine kwa mshahara, vilevile. Mmoja wao akifa, mwili unaweza kukaa majuma katika nchi ya kigeni huku familia ikitafuta nauli ya sanduku, na mama yake akiulizwa na majirani anazika lini. Nimekaa katika mikutano hiyo ya michango. Tajiri akifia ugenini, ndege hupatikana. Thamani ya uhai imewekwa wazi kwetu kwa namna hiyo, na tumezoea.

Ndiyo maana nataka tukio la mwaka 1885 likumbukwe kwa ukamilifu hapa Mumias, si kwa sababu askofu hastahili. Alikuwa na ujasiri, aliandika kitabu chake cha kumbukumbu hadi siku yake ya mwisho, na mwanawe Joseph baadaye alikwenda kuhubiri Busoga kulekule. Familia hiyo ililipa sana. Wao wamekwisha kuliliwa. Wenzake wapatao 46 hawajaliliwa na mtu yeyote wa huku, ingawa Mumias ndipo walipokula shibe yao ya mwisho, na Mumias ndipo wenzao walipoketi wakawangoja wasirudi.

Makanisa ya Kianglikana huadhimisha tarehe 29 Oktoba kila mwaka. Nawaomba mapadri wa Mumias, na wazee wa Wanga wanaoitunza historia ya Nabongo, wawataje wapagazi siku hiyo kabla ya kumtaja askofu. Na kama wazee wataona inafaa, basi uzikwe mgomba mmoja karibu na mahali msafara ulipopiga kambi, na watu wa Rabai waalikwe kuja kulia nasi.