Askari wadogo wa London na wapagazi wa Tanga

Jumamosi moja ya Aprili, treni ya Elizabeth inasimama kituo cha Custom House, mashariki mwa London. Wengi wanaoshuka wamebeba mabegi ya mgongoni yaliyo matupu. Jioni yatarudi yamejaa. Wanaelekea ukumbi wa ExCeL, kando ya gati la zamani la Royal Victoria, kwenye maonyesho ya michezo ya vita ya mezani yaitwayo Salute, yanayoandaliwa na klabu ya South London Warlords.

Kwenye foleni yumo mama mmoja mzaliwa wa Tanga na mwanawe wa miaka tisa. Mtoto ndiye aliyeomba kuja. Mama amekubali shingo upande, maana haoni sababu ya kumfundisha mtoto kufurahia vita.

Ndani, ukumbi ni mkubwa kama ghala la bandarini, na kila meza ni nchi nzima: vilima, mito ya gundi inayong'aa, vijiji vya kadibodi. Askari wengi wana urefu wa milimita 28 hivi, kama kiungo cha kidole gumba, lakini vifungo vya makoti yao vimepakwa rangi kimoja kimoja. Hapa Warumi, pale Waterloo ya mwaka 1815, kule ufukwe wa Normandy wa 1944. Wachezaji, wengi wao wazee wenye mvi, hupima mwendo wa jeshi kwa futi kama ya fundi cherehani, hurusha dadu, kisha hukaa kimya wakifikiri. Aliyekulia karibu na wazee wa bao anaujua ukimya huo.

Mchezo wenyewe ni wa zamani. Jeshi la Prussia liliutumia kufundishia maofisa tangu 1824. Mwaka 1913 mwandishi H. G. Wells akatoa Little Wars, kitabu cha kanuni za kucheza na askari wa sanamu. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na moto wake ukafika hadi Tanga.

Ndiyo maana mama anasimama ghafla mbele ya meza yenye minazi ya waya na reli nyembamba. Ni Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kutoka India askari wapatao 8,000. Waliowangoja, chini ya von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Waingereza walishindwa wakarudi melini. Katikati ya mapigano nyuki walitoka mizingani wakawashambulia watu, na mezani wanayo kanuni yao: dadu ikiangukia moja, nyuki hao!

Mtoto anakaribishwa kurusha. Inaangukia moja. Anacheka mpaka machozi.

"Na wapagazi wako wapi?" mama anauliza.

Mzee anayeongoza mchezo anaitazama meza yake kwa muda. "Hatukuwaweka," anakiri. "Kanuni zetu zinahesabu bunduki."

Mama anamweleza mwanawe pale pale. Vita vile viliendelea hadi Novemba 1918, na mizigo ilibebwa vichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na malaria kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps. Babu yake bibi alikuwa mmojawapo.

Mtoto hacheki tena. Anauliza kama babu huyo alirudi. Mama hajui.

Mzee anawaelekeza kwenye kibanda kimoja, na huko wanapata pakiti ya wapagazi ambao hawajapakwa rangi. Ndicho kitu pekee walichonunua.

Kwa mzazi anayefikiria safari kama hii: ulizia mapema bei ya tiketi ya mtoto, beba chakula, na mpangie mtoto kiasi cha kutumia kabla hajaviona vibanda. Mfundishe kutogusa sanamu bila ruhusa. Moja huweza kuwa kazi ya jioni nzima. Tafuta meza zinazokaribisha wageni kucheza. Na mtoto akiuliza waliokufa ni wangapi, usiharakishe kumpeleka meza nyingine.

Jumapili, meza ya jikoni imetandazwa magazeti. Mtoto ameshika brashi, hajui apake rangi gani miguuni. Mama anampigia bibi Tanga.

"Shikamoo bibi. Yule babu yako alivaa viatu gani vitani?"

"Marahaba mjukuu wangu. Viatu? Alikwenda pekupeku, na alirudi pekupeku. Kaa nikusimulie."

Mtoto anaiweka brashi chini.