Kwa dola 18 tulikula magunia mawili ya mbaazi

Msomaji wangu, mtu akikwambia majuu kila kitu ni ghali, mkubalie kwanza, halafu muulize kama ameshawahi kula hekaluni. Mimi nimekula. Sikualikwa harusi wala sikubadili dini. Nilipanga foleni, nikalipa, nikashiba. Ila nilitoka pale na zaidi ya shibe, ndiyo maana leo nakusimulia.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1918 plus mia, yaani 2018, jijini New York. Nilifikia kwa kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye amebeba maboksi huko Queens kwa miaka. Sote wawili ni watoto wa Lumuma. Kama hupajui, Lumuma ni kule juu milimani wilayani Kilosa, upande wa kupakana na Mpwapwa. Ni nchi ya mifereji na vitunguu. Vitunguu ndivyo vilivyotuvalisha viatu vya shule.

Sasa, kati ya kaka na baba yake kulikuwa na jambo. Mwaka 2016 baba mkubwa alisikia mbaazi zinalipa. Akachukua hela ya vitunguu, akakodi shamba kule bondeni, akapanda mbaazi tupu. Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa wa mbaazi zetu, ikaweka kikomo: tani 200,000 tu kwa mwaka kutoka nje. Bei huku kwetu ikaanguka kama embe bovu. Mzee akabaki na magunia ndani, akampigia mwanawe simu kuomba msaada. Kaka akamjibu vibaya: “Nani alikutuma ulime mbaazi? Nani anakula mbaazi siku hizi?”

Hela alituma, lakini maneno yalikuwa yameshatoka. Ulipita karibu mwaka mzima bila baba na mwana kusikilizana sauti.

Basi bwana, wiki yangu ya tatu New York nikawa nimechacha kabisa. Kaka naye kodi ya nyumba ilikuwa imemkaba. Jumamosi moja akaniambia, “Dogo, vaa viatu, leo twende tukale kwa Wahindi.” Nikajua tumekwisha, maana hoteli za Kihindi nilizozipita mjini bei zake zilinitia homa. Akacheka tu.

Tukapanda treni namba 7, nauli wakati huo dola 2 na senti 75. Treni hiyo sehemu kubwa ya Queens inapita juu ya nguzo, unaona mapaa ya nyumba na nguo zilizoanikwa, hadi kituo cha mwisho, Flushing. Ukitoka hapo unadhani umeshukia China: mabango ya Kichina, samaki, mboga zimepangwa barabarani. Tukatembea kama dakika ishirini, tukaingia Bowne Street, mtaa wa nyumba za kawaida za watu. Ghafla, katikati ya nyumba hizo, mnara wa mawe uliochongwa miungu kuanzia chini hadi kileleni!

Hilo ni hekalu la Ganesh, yule mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo. Chama kilichoanzisha hekalu kiliundwa mwaka 1970, na lenyewe likazinduliwa Julai 4, 1977, siku ya uhuru wa Marekani. Mtaa nao una historia yake. Bowne alikuwa mkazi wa Flushing aliyekamatwa mwaka 1662, enzi za Waholanzi, kwa kosa la kuwaruhusu watu wa madhehebu ya Quaker wasali nyumbani kwake. Leo kwenye mtaa huohuo kila mtu anasali anavyojua. Mwaka 2022 mtaa ukaongezewa jina la pili, Ganesh Temple Street.

Juu ni ibada, unavua viatu. Chini ni kantini, na huko hakuna anayekuuliza dini yako. Sikufichi, niliingia kwa woga, nikijua nitatazamwa. Wapi! Kulikuwa na bibi waliovaa sari, Wachina, wanafunzi wa Kizungu na vitabu vyao, madereva wa teksi. Unaagiza dirishani, unalipa, unangoja namba yako iitwe. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai hakuna. Mimi niliyezoea kushuka Mikumi na kuulizia nyama choma kabla hata basi halijasimama vizuri, nikajiuliza nitakula nini.

Namba ikaitwa. Kwanza dosa. Fikiria chapati nyembamba kama karatasi, ndefu hadi imezidi sahani, kavu inayolia kach! ukiimega. Wanaloweka mchele na dengu nyeusi, wanasaga, wanaacha usiku kucha uchachuke, kisha wanautandaza juu ya bamba la chuma lenye moto. Ndani kuna viazi vya manjano vyenye haradali. Halafu idli, vidude vyeupe vya mvuke, ndugu wa vitumbua lakini havijaona mafuta. Pembeni chatini ya nazi, na kibakuli cha mchuzi mwekundu wanaouita sambar.

Kaka akachovya, akala. Akachovya tena, akanyamaza. Akainua kibakuli akakinusa.

“Dogo, hii ni nini?”

Bibi mmoja wa meza yetu akatujibu kabla sijafungua mdomo. Ni dali ya mbaazi, akasema, inapikwa na ukwaju, nyanya na vitunguu. Bila mbaazi hakuna sambar, na bila sambar dosa ni mkate mkavu tu.

Kaka akaitazama foleni. Ilikuwa imefika mlangoni. Watu wote wale wanangoja mbaazi! Akatoa simu, akatoka nje. Nikamfuata na kahawa zetu za maziwa. Kwetu ilikuwa imefika saa mbili usiku. Mtandao ukashika mara ya tatu.

“Shikamoo baba.”

Kimya. Halafu, “Marahaba. Kuna msiba?”

“Hapana baba. Nakula mbaazi.”

Mzee akadhani anatukanwa tena. Ikabidi kaka aeleze hekalu, foleni, mchuzi, yote. Baba mkubwa akauliza swali la mkulima: sahani bei gani? Kaka akamwambia tumekula wawili, tumeshiba, na kahawa juu, kwa dola 18. Mzee akataka jibu kwa shilingi. Dola ilikuwa inakaribia shilingi 2,300, kwa hiyo ni kama elfu arobaini na moja.

“Gunia langu walitaka kulichukua kwa elfu ishirini,” akasema mzee. “Kwa hiyo mchana huu mmekula magunia yangu mawili.”

Kaka akasema, “Nisamehe, baba.” Hakusema zaidi, na mzee hakumlazimisha. Akauliza tu, “Na vitunguu je, wanatia?”

“Wanatia baba, vingi.”

“Basi hao ni watu.”

Mwaka 2021 India ilifungua tena milango kwa mbaazi za nje. Baba mkubwa alikuwa ameshajirudia kwenye vitunguu vyake, ila kando ya mfereji ana mistari michache ya mbaazi, anasema ni ya mgeni kutoka New York.

Nawe msomaji, ukijaliwa kufika jiji lile na mfuko umetoboka, panda namba 7 hadi mwisho wa reli. Na kama safari yako inaishia Kariakoo, basi kesho asubuhi ukiuziwa mbaazi za nazi na maandazi, usiziite chakula cha shida. Kuna watu wanazipangia foleni.