Si Kigugumizi, Ni Guni

Kwa miaka zaidi ya thelathini nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari za Mkoa wa Tanga, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kushuku kwamba neno moja lililochaguliwa vibaya lingeweza kunigharimu kabureta. Limenigharimu. Nawasimulieni kisa hiki, wapenzi wa lugha, kwa kuwa kinatuhusu sisi tunaojiona walinzi wa maneno.

Gari lenyewe ni Land Rover ya Series III, yenye injini ya petroli ya lita 2.25 na silinda nne. Magari ya toleo hilo yalitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, kwa hiyo hata lililo changa kuliko yote limekwisha kuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Hili lilikuwa la marehemu kaka yangu, aliyeishi juu ya Amani, katika Usambara ya Mashariki. Kwa gari hilo alishusha iliki na mdalasini, akapandisha mabati na saruji, na mara nyingi akateremsha wagonjwa usiku bila kudai nauli.

Kaka alipofariki hospitalini huko bondeni, sikutaka apandishwe kwao kwa gari la kukodi. Nilisema atapanda kwa gari lake, na mimi ndimi nitakayeshika usukani.

Kutoka Muheza hadi Sigi tulikwenda bila shida. Msomaji asiyeijua Sigi, ambayo wengine huiandika Zigi, na aelewe kwamba hapo ndipo bonde linapokwisha na mlima unapoanza. Wajerumani, walioanzisha kituo chao cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani mwaka 1902, walijenga reli kutoka Tengeni hadi Sigi kwa ajili ya kuteremsha magogo, nayo ikakomea hapo hapo; haikupanda hadi Amani. Nyumba ya mkuu wa stesheni yao ingalipo, nayo leo ni kituo cha kupokelea wageni wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kuanzia hapo barabara hupinda na kupanda ndani ya msitu, kona juu ya kona.

Katika kona ya tatu injini ilianza kukatakata. Nilipokanyaga mafuta ilizidi. Ikapiga mlio kama wa mti mkavu unaovunjwa, ikatikisika, ikazima. Niliiwasha, ikawaka vizuri, ikanguruma kwa utulivu. Nilipoitia gia na kuidai nguvu, ikarudia yale yale. Tulijaribu mara nne. Mwishowe vijana walilishusha jeneza, wakaliweka mabegani na kuanza kupanda kwa miguu, wakipokezana. Hakuna aliyelaumu, kumbeba maiti mabegani ni heshima. Lakini mimi, niliyebaki peke yangu ndani ya gari tupu, nililisikia likipanda mlima bila kusita mara tu lilipoondolewa mzigo. Nikamfuata kaka yangu kwa nyuma, kwa gari lake, nikiona haya.

Baada ya maziko niliazimia kulitengeneza kabla ya arobaini, maana siku hiyo ningewapandisha shangazi zetu wawili wazee pamoja na magunia ya mchele. Nikajiuliza gari linaumwa nini, na kwa kuwa mimi ni mtu wa maneno, nilianza kwa kulitafutia ugonjwa wake jina. Nikasema: lina kigugumizi.

Jina hilo lilinipendeza mno, na kosa likaanzia hapo. Mwenye kigugumizi analo neno la kusema, ila njia ya kulitoa ndiyo imebana. Basi nikatafuta njia iliyobana. Nikasafisha tangi lililo chini ya kiti cha dereva, nikapuliza bomba la mafuta, nikaosha kile kikombe cha kioo kilichoko kwenye pampu, na mwisho nikanunua kabureta. Nikaenda nalo hadi Sigi nikiwa na magunia sita ya mchanga nyuma. Katika kona ile ile, likakatakata vile vile.

Ndipo nilipompelekea fundi mmoja wa Muheza, ambaye niliwahi kumfundisha. Alikuwa chini ya lori. Alipoisikia sauti yangu alitoka, akafuta mikono.

“Shikamoo, Mwalimu. Pole sana na msiba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeshapoa. Nimekuletea mgonjwa mwenye kigugumizi.”

Aliisikiliza injini, akaifungua na kuifunga mara kadhaa ile njia ya hewa na mafuta kwa kidole, akanitaka nieleze hasa linapokosea. Kisha akasema, “Inamisi, Mwalimu.”

Mazoea yana nguvu. Nilimsahihisha hapo hapo, mbele ya wanagenzi wake. Nikamwambia kuwa Kiswahili kinayo maneno yake, hakuna haja ya kuazima.

Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, “Sawa, Mwalimu. Lakini mwenye kigugumizi hurudia. Hii hairudii chochote. Inaruka.”

Sikuwa na jibu. Alikuwa amesema kweli. Kigugumizi huongeza silabi. Injini ile ilikuwa inapunguza. Kwa neno lake la kuazima alikuwa ameueleza ugonjwa kwa usahihi kuliko mimi kwa neno langu safi.

Tulipanda naye hadi Sigi alasiri hiyo, na magunia yakiwa nyuma. Kila alichokifanya alikifanya peke yake, hakugusa kitu cha pili kabla hajapata jibu la kwanza. Mlimani, injini ilipoanza kukatakata, aliniambia nivute choki kidogo. Akaeleza kwamba kama injini inakosa mafuta, choki itaifanya mchanganyiko wake uwe mzito na itapata nafuu. Haikupata. Aidha, alisema, njaa ya mafuta huja polepole, gari hulegea kama mtu anayesinzia. Hili lilikuwa likikatika kwa ghafula. “Basi si mafuta,” akasema. Nikaikumbuka kabureta yangu mpya, nikanyamaza.

Tuliporudi chini karibu na stesheni ile ya kale, akaiacha injini ingurume, akachomoa nyaya za plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mikono ya mpira. Kila alipochomoa mmoja, injini ilidhoofika kwa kadiri ile ile. Maana yake, pasipo mzigo silinda zote nne zilikuwa zinafanya kazi. Kisha akapima mgandamizo wa kila silinda, zote zilikaribiana. Akazifungua plagi, akaniwekea moja kiganjani. Upenyo wake, uliopaswa kuwa milimita 0.75 hivi, ulikuwa umelika hadi kukaribia 1.

“Sasa tungoje giza,” akasema.

Katika msitu wa Sigi giza halicheleweshi. Akaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu, akavuta breki ya mkono, akafungua boneti na kusimama ubavuni. Akaniambia nitie gia ya tatu, nikanyage mafuta na kuachia klachi kidogo tu kwa sekunde mbili au tatu, ili injini ihisi mzigo. Asiye fundi asilijaribu jambo hili. Nilifanya hivyo, naye akaniita nije nione wakati mwanagenzi wake akishika nafasi yangu.

Injini ilipobeba mzigo, niliona vimulimuli vya samawati vikiruka kati ya waya wa silinda ya tatu na ule wa nne.

Akanifafanulia, nami nafafanua kama nilivyoelewa. Injini isipokuwa na mzigo, mchanganyiko unaoingia kwenye silinda ni kidogo, na mgandamizo wake si mkubwa. Cheche huvuka upenyo wa plagi kwa urahisi. Ukikanyaga mafuta mlimani, silinda hujaa, mgandamizo hupanda, na cheche huhitaji umeme wenye msukumo mkubwa zaidi ili ivuke. Upenyo ukiwa umepanuka, kazi huzidi kuwa ngumu. Umeme nao, kama maji, hutafuta penye wepesi. Mpira wa nyaya zile mbili ulikuwa umechubuka pale zilipogusana, basi umeme wa tatu ukapitia hapo na kwenda kwa jirani. Mpangilio wa kuwaka wa injini ile ni 1, 3, 4, 2. Zamu ya tatu inapofika, silinda ya nne ndiyo kwanza inaanza kubana, imejaa mchanganyiko na mgandamizo wake ni mdogo. Ikipata cheche huwaka kabla ya wakati wake. Hapo ndipo ulipotoka ule mlio wa mti mkavu: mmoja amenyamaza katika zamu yake, na mwingine amejibu kisichomhusu.

Fundi akaimulika kurunzi mahali penyewe. Nyaya zote nne zilikuwa zimefungwa pamoja kwa uzi wa katani, zimekazwa na kupangwa sawasawa, na fundo limekatwa ncha zake vizuri. Unyevu wa msitu ulikuwa umeulowanisha uzi, nao ulikuwa umeula mpira.

“Nani alizifunga hizi?” akauliza.

Nilizifunga mimi. Miaka miwili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kumtembelea kaka, nikafungua boneti, nikaona nyaya zimetawanyika. Nikamwambia kwamba mtu hawezi kuishi na ovyo namna hiyo. Alicheka, akaniacha nifunge. Hata baadaye, gari lilipoanza kumsumbua mlimani, hakuufungua uzi ule. Nadhani hakumshuku mdogo wake aliyesoma.

Fundi alikata uzi, akaweka nyaya mbili mpya, akaziachanisha kila moja na njia yake, akarudisha upenyo wa plagi mahali pake. Tukapanda usiku ule ule na mchanga wetu wote hadi Amani. Injini haikuruka hata mara moja. Njiani nilimwambia kwamba neno nililokuwa nikilitafuta tunalo, tena ni letu: guni. Shairi la mizani 16 katika kila mshororo, ukilikuta na 15 katika mmoja, huwa guni. Akatabasamu. Akasema analikumbuka neno hilo vizuri, kwa kuwa nililiandika kwa wino mwekundu juu ya shairi lake la pekee alilopata kulitunga, akiwa kidato cha pili. “Lakini ulilisoma kimyakimya, Mwalimu. Nyumbani nilipolighani, lilikwenda.”

Huenda lilikwenda, na huenda kwa kulivuta sauti aliifunika mizani iliyopungua. Sitajua, maana sikumtaka alighani. Ninachokijua ni kwamba nimesahihisha maelfu ya mashairi yakiwa yamelala juu ya meza, hayajabeba mzigo wa sauti. Mengine niliyoyapa alama za juu, sina hakika yangefika kona ya tatu.

Siku ya arobaini nilipanda na shangazi zangu na mchele, gari likanguruma sawasawa. Baada ya hitima nilimwita shemeji kando, nikamweleza habari ya uzi wa katani. Nilidhani nitapata msamaha, au lawama. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Shemeji, kaka yako alijua gari halipandi na mzigo. Ndiyo maana mwaka wa mwisho alikuwa akiteremsha watu tu. Kupandisha aliacha.” Akaenda kugawa chakula.

Kwa hiyo ninalo la kujibu kuliko nililoliungama. Wako waliopanda mlima ule kwa miguu, na maji ya mvua mgongoni, kwa sababu ya unadhifu wangu.

Tangu hapo nimekuwa nikipita gereji za Muheza na daftari, si kusahihisha bali kuandika: kumisi, kupiga resi, kukata moto, kuua gia, kuchemsha. Kabla sijaliita neno lolote kati ya hayo ovyo, kwanza humwomba mwenye nalo anionyeshe linafanya kazi gani. Nanyi wenzangu, injini inaporuka mlimani, mafundi wa kwenu husemaje?