Cheche kwa Wakati Wake



Wapendwa wanaparokia, katika tafakari ya juma hili tunawaomba mtuvumilie, kwa kuwa tutaanzia mahali ambapo tafakari zetu hazijawahi kufika, yaani ndani ya injini ya gari. Familia moja ya parokia yetu imeturidhia kusimulia yaliyowapata, mradi tusitaje majina. Tunawashukuru.

Marehemu baba wa familia hiyo aliacha Datsun 240Z, gari dogo la milango miwili lenye injini ya silinda sita. Wazee wetu wanalikumbuka. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa miaka mingi yalifanyika wakati wa Pasaka. Gari la aina hiyo lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Marehemu aliyaona magari hayo yakipita akiwa kijana, akayatamani, na miaka mingi baadaye akanunua lake likiwa limekwisha kuchakaa. Alilitunza hadi alipofariki.

Baada ya mazishi gari likaanza kusumbua. Liliwaka kwa shida, lilikohoa barabarani, likazimika mara kadhaa. Fundi alibadilisha plagi na pointi. Likatulia wiki mbili, kisha tatizo likarudi. Hatimaye akafungua kifuniko cha distributa, akaishika shafti yake kwa vidole viwili na kuitikisa. Ikacheza. "Baba Paroko," akatuambia, "tulikuwa tunatibu homa, kumbe ugonjwa uko kwenye mfupa."

Kwa wasioijua, kazi ya distributa ni kugawa cheche. Umeme wa betri ni volti 12 tu; koili huukuza hadi maelfu mengi ya volti, na distributa huupeleka kwenye plagi ya kila silinda kwa zamu yake: ya kwanza, ya tano, ya tatu, ya sita, ya pili, ya nne. Injini hiyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, huhitaji cheche 300 kwa kila sekunde. Pointi ni vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana, na kila vinapoachana, cheche hutoka. Nafasi kati yake ni yapata nusu milimita. Shafti ikicheza, nafasi hiyo hubadilika. Silinda moja hupata cheche mapema na nyingine huchelewa. Cheche ikiwahi mno hupambana na pistoni ambayo bado inapanda, nayo injini hugonga. Ikichelewa, nguvu hupotea na joto huzidi. Tena mle ndani mna vizito viwili vyenye springi, ambavyo huiwahisha cheche kadiri mwendo unavyoongezeka, na kuna kiwambo kinachosikia uvutaji wa hewa wa injini, kikatambua kama gari lina mzigo au halina. Kwa hiyo distributa haitoi cheche ovyo. Husikiliza kwanza.

Kijana wa familia hiyo, anayefanya kazi mjini, alitaka kununua distributa nyingine. Mama akakataa katakata. Chanzo kilikuwa siku ya tatu baada ya mazishi. Maturubai yalikuwa bado hayajaondolewa, na kijana akauliza mbele ya wajomba ni nani atakayechukua gari la baba. Hatuamini kwamba alikuwa na nia mbaya. Swali lenyewe lilikuwa la haki. Lakini liliwahi. Tangu siku hiyo, kila alipotaja gari, mama alisikia urithi. Tulipoitwa kuwapatanisha, mama alituambia: "Baba Padre, leo wanaondoa hicho kidude. Kesho watasema viti. Keshokutwa watasema na mimi."

Tuligundua kwamba hakuna aliyekuwa amemweleza mama kidude hicho ni nini. Watu walijadiliana juu ya gari lake uani, naye akiwa jikoni. Tukamwomba fundi aje nacho sebuleni, akiweke juu ya meza, ampe mama maelezo yote kama mwenye gari.

Fundi alimwonyesha njia nne. Ya kwanza ni kuitengeneza ileile: kuchongesha bushi mpya, kuweka pointi na kondensa mpya, na kuirekebisha mara kwa mara. Hiyo hulihifadhi gari kama lilivyokuwa, ila yahitaji mchongaji makini na fundi wa karibu. Ya pili ni kutoa pointi na kuweka kifaa cha elektroniki ndani ya distributa ileile. Ni rahisi, lakini haiponyi shafti inayocheza. Ya tatu ni kununua mpya ya bei nafuu, ya kuigiza. Inapendeza macho, lakini vizito vyake na springi zake huenda havikupimwa kwa injini hiyo, ikawa inatoa cheche kwa saa ya injini nyingine. Ya nne ni distributa ya Datsun 280ZX ya miaka ya 1979 hadi 1983. Hiyo ni ya ukoo uleule wa injini, hukaa mahali palepale pamoja na kikalio chake, na haina pointi za kulika. Huhitaji koili inayolingana nayo, na ni lazima ichunguzwe shafti yake, kwa maana nayo ni mzee.

Mama alisikiliza yote. Kisha akauliza swali moja: "Ukiweka hiyo, utakata nini?" Fundi akajibu kwamba hatakata kitu, ya zamani ikitengenezwa siku moja, inaweza kurudi mahali pake.

Hapo kijana, ambaye alikuwa kimya, alipiga magoti akamwomba mama yake radhi kwa maneno ya siku ile ya tatu. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Leteni hiyo ya ukoo. Hii ya baba yenu naiweka mimi." Leo imefungwa kwa kitambaa, imo kabatini mwake. Gari linatembea. Hatusemi kwamba yote yamekwisha: suala la urithi bado linangoja kikao cha familia. Lakini sasa watakaa wakiongea.

Wapendwa, tunajifunza mambo mawili.

Kwanza, jambo la haki lina wakati wake. Mhubiri, katika sura ya tatu, anatufundisha kwamba kila jambo limewekewa majira. Bwana wetu anatuagiza kumwonya ndugu faraghani kwanza (Mt 18:15), si mbele ya wajomba. Wengi wetu tuna maneno ya kweli tuliyoyasema mapema mno, na mengine tuliyochelewa kuyasema mpaka mtu akazikwa. Tusikilize kwanza mzigo alionao mwenzetu, na mwendo anaokwenda, ndipo tuseme.

Pili, mabadiliko hayamaanishi kutupa. Wazee wetu wanakumbuka jinsi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ulioanza mwaka 1962 na kumalizika mwaka 1965, ulivyofungua mlango ili Misa iliyokuwa kwa Kilatini iadhimishwe kwa lugha zetu. Wapo waliolia wakidhani imani inaondolewa kipande kwa kipande. Haikuondolewa, Ekaristi ni ileile. Hata hivyo machozi yao hayakuwa ya kuchekwa, kwa maana mtu anayelia juu ya kitu kidogo mara nyingi analilia kikubwa asichoweza kukitaja. Yesu anamsifu mwenye nyumba anayetoa katika hazina yake vitu vipya na vya kale (Mt 13:52). Ili avitoe vyote viwili, ni lazima awe hakutupa vya kale, na awe hakukataa vipya.

Juma hili tunawaalika, hasa ninyi vijana mnaotunza wazazi wajane: kabla ya kubadilisha kitu nyumbani, kiwekeni mezani mbele yake, mkamweleze. Nanyi wazazi, waulizeni watoto swali lile la mama: utakata nini? Jibu lao litawaonyesha kama mnachoogopa kipo au hakipo.

Tuziombee familia zote zilizofiwa na ambazo bado hazijakaa kikao. Roho Mtakatifu awajalie neno la haki kwa saa yake.

Mungu awabariki nyote.

Paroko wenu